YATIMA ALIYENAKILI NYIMBO KWA MBALAMWEZI
Maisha ya Johann Sebastian Bach, mwanamuziki wa kanisa (1685–1750)



Katika toleo hili la kumbukumbu, sisi tuliopewa na kamati kazi ya kuandaa kurasa hizi tumekubaliana kueleza maisha ya mtu mmoja aliyefariki zamani. Hakuwa mtu wa kwetu, wala hakupata kuiona Afrika. Lakini walimu wetu wa kwaya wanalijua jina lake, na mahali pengi duniani watu huimba kanisani kwa sauti nne jinsi alivyozipanga yeye, pengine bila kujua ni kazi ya nani.

Tumemchagua kwa sababu moja. Katika mikutano yetu limeulizwa zaidi ya mara moja swali hili: vijana wanaoshinda wakinakili nyimbo kwenye madaftari, wakati sabuni imekwisha na mgao umechelewa, wanapata faida gani? Swali hilo si la dharau. Linaulizwa na wazazi waliochoka. Tumeona badala ya kulijibu kwa maneno yetu, tueleze habari za mtoto mmoja aliyepoteza wazazi wote wawili kabla ya kutimiza miaka 10, naye alitaka kitu kimoja tu: kuwa mwanamuziki wa kanisa.

KUZALIWA NA KUFIWA

Johann Sebastian Bach alizaliwa tarehe 21 Machi 1685 katika mji mdogo wa Eisenach, nchi ya Ujerumani. Alikuwa kitinda mimba katika watoto wanane. Baba yake, Johann Ambrosius, alikuwa mpiga muziki wa mji, mtu wa fidla na tarumbeta. Ukoo mzima wa Bach ulikuwa ukoo wa wapiga muziki, kama kwetu zilivyo koo za wahunzi au wapiga ngoma, ambapo mtoto hujifunza kazi kwa kusimama karibu na wakubwa. Katika kanisa la Mtakatifu Georg alikobatizwa, mpiga kinanda alikuwa ndugu wa baba yake. Kinanda tunachosema hapa si kile cha betri tunachokijua sisi. Ni chombo kikubwa kama nyumba, chenye mabomba mengi yanayopulizwa kwa mivukuto, na mpigaji hutumia mikono miwili na miguu pia.

Mwezi wa Mei 1694 mama yake alizikwa. Baba akaoa tena mwezi wa Novemba mwaka huo huo, lakini tarehe 20 Februari 1695 naye akafariki. Kwa muda wa miezi tisa hivi nyumba ile ikavunjika. Sebastian na kaka yake Jakob wakafungasha vitu vyao, wakapelekwa Ohrdruf, mwendo wa kilometa zipatazo 45, kulelewa na kaka yao mkubwa, Johann Christoph, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa la huko.

Wasomaji wengi wa kurasa hizi hawahitaji kuelezwa maana ya mtoto kuamka katika nyumba isiyo ya kwao. Tunaendelea.

KITABU NDANI YA KABATI

Kaka huyo mkubwa alikuwa bado kijana wa miaka 23, mwenye mke, na mshahara mdogo. Ndiye aliyemfundisha Sebastian kupiga vyombo. Mtoto alishika haraka kila alichopewa, akataka kingine. Kaka alikuwa na kitabu cha nyimbo za kinanda za mabwana wakubwa wa wakati ule, Froberger, Kerll na Pachelbel. Mtoto alikiomba akanyimwa. Sababu ya kunyimwa haikuandikwa. Siku zile karatasi ilikuwa ghali, na kitabu kilichoandikwa kwa mkono kilikuwa mali ya mtu na siri ya kazi yake.

Wanawe Bach waliieleza habari hii baada ya kifo chake. Kitabu kilifungiwa katika kabati lenye mlango wa wavu. Usiku, watu wakilala, mtoto alipenyeza mkono wake mdogo kwenye wavu, akakikunja kitabu ndani kwa ndani, akakitoa. Hakuwa na taa. Akanakili kwa mwanga wa mwezi tu, katika usiku ambao mwezi ulikuwepo. Kazi hiyo ilimchukua miezi sita. Alipomaliza, kaka akagundua, akamnyang'anya nakala yote.

Lakini mtu aliyenakili wimbo kwa mkono wake, noti kwa noti, ameshauweka kichwani, na hakuna anayeweza kumnyang'anya tena. Bach aliishika njia hiyo maisha yake yote. Alipotaka kujifunza kazi ya mtu, aliinakili.

SAFARI YA KASKAZINI

Nyumba ya kaka ilizidi kujaa watoto. Mwezi wa Machi 1700, siku chache kabla Sebastian hajatimiza miaka 15, daftari la shule liliandikwa kwamba ameondoka kwa kukosa mahali pa kukaa na kula bure. Akafuatana na mwenzake wa shule, Georg Erdmann, kwenda Lüneburg, zaidi ya kilometa 300 kaskazini. Wachunguzi wa maisha yake wanaona kwamba sehemu kubwa walitembea kwa miguu, maana nauli ya gari la farasi hawakuwa nayo.

Huko Lüneburg palikuwa na shule ya kanisa la Mtakatifu Mikaeli iliyopokea wavulana maskini wenye sauti nzuri. Walisoma bure, wakala, wakalala, na malipo yao yalikuwa kuimba katika ibada. Kwa hiyo sauti ya Sebastian ndiyo iliyokuwa kadi yake ya chakula. Haikuchukua muda mrefu sauti hiyo ikavunjika kwa ajili ya umri, kama sauti za wavulana wote. Hakufukuzwa. Alibaki kwa sababu mikono yake ilikuwa imekwisha kujua vyombo.

Kutoka Lüneburg alikwenda Hamburg kwa miguu, karibu kilometa 50, tena zaidi ya mara moja, kumsikiliza mzee Johann Adam Reincken, mpiga kinanda maarufu. Husimuliwa kwamba safari moja alirudi njaa imemshika, akakaa nje ya nyumba ya wageni akisikia harufu ya chakula. Mtu akafungua dirisha, akatupa vichwa viwili vya samaki. Alipovipasua akakuta katika kila kichwa sarafu ya dhahabu. Akanunua chakula, na zilizobaki akazitumia kwenda Hamburg tena. Hatuwezi kuapa kwamba kila neno la hadithi hiyo ni kweli, lakini imesimuliwa tangu zamani.

Jambo jingine tunaweza kulisema bila wasiwasi. Mwaka 2006 wataalamu walitangaza kwamba katika maktaba moja ya mji wa Weimar wametambua karatasi alizoandika Bach kwa mkono wake akiwa kijana mdogo. Moja ni nakala ya wimbo mrefu wa kinanda wa Reincken, aliyoinakili Lüneburg mwaka 1700. Wimbo huo umejengwa juu ya tenzi ya Zaburi ya 137, ile ya watu waliohamishwa kwa nguvu kutoka nchi yao, wakakaa kando ya mito ya Babeli, wakatundika vinubi vyao kwenye miti. Yatima wa miaka 15, mbali na kwao, aliketi akanakili wimbo wa wakimbizi. Tunawaomba wasomaji waikumbuke karatasi hiyo, maana tutairudia.

KUPATA KAZI NA KUGOMBANA

Mwaka 1703, akiwa na miaka 18, aliitwa Arnstadt kukagua kinanda kipya cha kanisa. Alikipiga vizuri hata wakampa kazi hapo hapo. Ndoto ya utoto ikawa imetimia: alikuwa na funguo za kinanda na mshahara.

Lakini tusimfanye malaika. Alikuwa mkali, na hakujua kuongoza vijana. Mwaka 1705 alimdharau mwanafunzi mmoja kwa jinsi alivyopiga chombo chake. Mwanafunzi akamvizia barabarani kwa fimbo, Bach akachomoa upanga, watu wakawaamua. Mwezi wa Oktoba mwaka huo aliomba ruhusa ya wiki nne, akatembea kwa miguu zaidi ya kilometa 400 hadi Lübeck kumsikiliza Dieterich Buxtehude. Badala ya wiki nne alikaa karibu miezi minne. Aliporudi, wakuu wa kanisa walimhoji. Walilalamika pia kwamba sasa anachanganya waumini kwa kuingiza sauti ngeni katika nyimbo zao, hata hawajui waimbe nini.

Mwaka 1707 akahamia Mühlhausen, akamwoa Maria Barbara, msichana wa ukoo wake mwenyewe. Mwaka uliofuata, alipoomba kuacha kazi hiyo, aliwaandikia wakuu wa mji barua ambayo imehifadhiwa. Alieleza humo kwamba shabaha yake ni kuweka muziki wa kanisa katika utaratibu mzuri kwa utukufu wa Mungu, lakini hapo hakuweza bila upinzani. Alikuwa na miaka 23.

Kisha alimtumikia mtawala wa Weimar kwa miaka tisa. Alipotaka kuondoka kwenda kwa mtawala mwingine, akasisitiza mno, akafungwa. Aliingia kifungoni tarehe 6 Novemba 1717, akatolewa tarehe 2 Desemba pamoja na kufukuzwa kazi. Nyakati zile mtumishi, hata awe fundi namna gani, hakuwa na uhuru wa kuhama apendavyo.

MZEE WA HAMBURG

Katika mji wa Köthen alipata bwana mwema na mshahara mkubwa, lakini dhehebu la bwana huyo halikutaka muziki mwingi kanisani. Bach alitunga muziki wa vyombo, akaishi vizuri, na shabaha yake ikawa imewekwa pembeni.

Mwaka 1720 alisafiri na bwana wake kwenda Carlsbad. Alimwacha mke wake mzima. Aliporudi akaambiwa Maria Barbara amefariki na amekwisha kuzikwa, mwezi wa Julai. Alimwachia watoto wanne.

Mwezi wa Novemba mwaka huo alikwenda Hamburg, ambako kanisa la Mtakatifu Yakobo lilikuwa likitafuta mpiga kinanda. Alipiga mbele ya wakubwa wa mji, na mzee Reincken alikuwepo, sasa amezeeka sana. Watu wakaomba ule wimbo wa mito ya Babeli. Bach aliupiga kwa muda wa karibu nusu saa bila karatasi, akiugeuza kwa namna nyingi kutoka kichwani mwake. Miaka 20 ilikuwa imepita tangu alipounakili, na miezi minne tu tangu kufiwa na mkewe. Mzee Reincken hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Alimwambia kwamba alidhani ufundi huo umekwisha kufa, lakini sasa anaona ungali hai ndani yake.

Kazi yenyewe hakuipata. Aliyechukuliwa alilipa mark 4,000 katika mfuko wa kanisa.

LEIPZIG

Bach alioa tena mwaka 1721, akamwoa Anna Magdalena, mwimbaji. Mwaka 1723 akaacha nyumba ya mtawala, akaenda Leipzig kuwa mwalimu wa muziki wa shule ya Mtakatifu Thomas na msimamizi wa muziki katika makanisa makubwa ya mji. Kwa heshima ya dunia alikuwa ameshuka cheo. Tena hakuwa chaguo la kwanza. Baraza la mji lilimtaka Telemann, likamtaka Graupner, na wote wawili walipokosekana ndipo likamchukua yeye.

Hapo ndipo ilipofanyika kazi tunayomkumbukia. Karibu kila Jumapili alihitaji kantata, yaani muziki wa kwaya na vyombo unaofuata somo la siku. Katika miaka yake ya kwanza alitunga mpya karibu kila wiki. Mezani, mke, watoto na wanafunzi walisaidia kunakili sehemu za kila mwimbaji, na mara nyingine mazoezi yalikuwa machache mno. Kantata zipatazo 200 zimebaki, na nyingine zimepotea. Ijumaa Kuu ya 1724 aliimbisha Mateso ya Bwana kadiri ya Yohana, na mwaka 1727 Mateso kadiri ya Mathayo.

Mwaka 1730 aliliandikia baraza la mji ripoti ya mahitaji. Wenzetu wa mashirika wanaoandika ripoti kila mwezi wataifahamu mara moja. Alihesabu vijana wake 54: 17 wanafaa, 20 bado hawajafaa, 17 hawafai kabisa. Alieleza anahitaji waimbaji wangapi kwa kila sauti, na wapigaji wangapi kwa kila chombo, na kwamba watu hawawezi kufanya kazi nzuri wakiwa na wasiwasi wa chakula. Hakupata alichoomba.

Miezi miwili baadaye alimwandikia Erdmann, yule rafiki aliyetembea naye kwenda Lüneburg, ambaye sasa alikuwa na cheo Danzig. Alimwomba amtafutie kazi huko. Alilalamika kwamba wakuu wa Leipzig ni wagumu, maisha ni ghali, na kwamba mwaka uliopita hali ya hewa ilikuwa nzuri, watu hawakufa sana, kwa hiyo alikosa zaidi ya thaler 100 za ada za mazishi. Twaweza kucheka, lakini huyo ni baba mwenye watoto wengi akipiga hesabu. Kazi ya Danzig haikupatikana. Alibaki Leipzig miaka 20 mingine.

Watoto wake walikuwa 20 kwa wake wawili. Kumi kati yao walifariki wakingali wadogo. Aliwazika, na Jumapili iliyofuata kwaya ilihitaji karatasi zake kama kawaida.

KIFO, KUSAHAULIWA NA KUKUMBUKWA

Uzeeni macho yake yaliharibika. Mwaka 1750 daktari msafiri kutoka Uingereza alimpasua mara mbili, naye akawa kipofu na mgonjwa. Alifariki tarehe 28 Julai 1750, akiwa na miaka 65. Kaburi lake halikuwekwa alama. Katika baraza la mji mtu mmoja alisema kwamba safari hii wanataka mwalimu wa shule, si mtungaji mkubwa. Anna Magdalena alifariki mwaka 1760 akiishi kwa sadaka za mji.

Muziki wake mwingi wa kanisa ukakaa kwenye masanduku. Wanafunzi wachache waliendelea kuunakili. Tarehe 11 Machi 1829, kijana wa miaka 20, Felix Mendelssohn, aliongoza Mateso ya Mathayo mjini Berlin, na tangu siku hiyo watu wakaanza kutafuta zile karatasi. Mifupa inayoaminika kuwa yake ilifukuliwa mwaka 1894, na tangu mwaka 1950 imelazwa ndani ya kanisa la Mtakatifu Thomas.

Afrika nayo ina sehemu yake. Mwaka 1913 Dokta Albert Schweitzer, aliyekuwa amekwisha kuandika kitabu juu ya Bach, alifika Lambaréné, Gabon, kufungua hospitali. Chama cha wapenzi wa Bach cha Paris kilimpa piano yenye vikanyagio vya miguu, akaifanyia mazoezi jioni baada ya kazi. Mwaka 1917, wakati wa vita, yeye na mkewe walipelekwa Ufaransa wakawekwa kambini kwa sababu ya uraia wao. Huko kambini hakuwa na chombo. Alikaa mbele ya meza, akapiga muziki kwa vidole juu ya ubao na kwa miguu juu ya sakafu, bila sauti yoyote, asije akausahau. Baada ya vita maonyesho yake ya kinanda barani Ulaya yalichanga fedha, naye akarudi Gabon mwaka 1924 kuwatibu wagonjwa.

TUNALOTAKA KUSEMA

Sasa turudi kwenye swali la wazazi. Hatusemi kwamba kila kijana anayenakili nyimbo katika kambi hii atakuwa Bach. Wala hatusemi kwamba muziki unajaza tumbo. Bach mwenyewe aliandika barua akilalamikia mshahara. Tunasema hivi: mtoto yule hakuachiwa nyumba, wala shamba, wala mzazi. Mali aliyoibeba kutoka Eisenach hadi Ohrdruf, na kutoka Ohrdruf hadi Lüneburg, ni ile iliyokuwa kichwani na mikononi mwake, na ndiyo iliyomlisha. Sisi tuliovuka mpaka tunajua ni vitu gani hubaki njiani na ni vitu gani hufika.

Tunalo pia la kukiri. Kamati hii ina sanduku la vitabu vya nyimbo na noti. Kwa kuogopa vitabu kuraruka au kuibwa, tumelifunga kwa kufuli, na vijana waliokuja kuomba wameambiwa warudi siku nyingine. Tulipokuwa tukiandika habari za kabati lenye wavu tulitazamana. Tumeazimia kwamba kuanzia toleo hili litakapotoka, sanduku litafunguliwa kila Jumamosi mchana, na kila mwenye daftari na kalamu ataketi na kunakili, wavulana kwa wasichana, bila kuulizwa ni wa kwaya gani.

Kwa ndugu zetu wa mashirika tuna ombi moja dogo. Mnapohesabu mahitaji ya watoto wasio na wazazi, baada ya chakula na blanketi, mkumbuke pia madaftari na taa. Si kila usiku mwezi huwaka.